Umeona Nini, Wapi na Lini?

Askari arudipo kutoka doria huulizwa mambo matatu: ameona nini, wapi, na lini. Maswali hayo hayo ndiyo msingi wa chama kikongwe ambacho mrithi wake, NatureUganda, anafanya kazi hapa Kampala.

Katika enzi ya Malkia Victoria, makarani, mapadri na waalimu wa Uingereza walizoea kwenda pamoja mashambani siku za mapumziko, wakitazama viumbe na kuandika waliyoyaona. Desturi hiyo ilifika kwetu. Mwaka 1909 kiliundwa Nairobi Chama cha Elimu ya Viumbe cha Afrika ya Mashariki na Uganda. Mmoja wa waasisi wake, Frederick Jackson, mjuzi wa ndege, alikuwa gavana wa Uganda kuanzia mwaka 1911.

Kila ndege aliyehifadhiwa alifungwa kikaratasi mguuni, chenye mahali na tarehe. Waafrika waliowatega ndege hao na kuwajua kwa majina aghalabu hawakutajwa; hiyo ni kasoro ya kumbukumbu zile.

Kazi hiyo iliwavuta askari pia. Kapteni Charles Pitman, aliyepigana Vita Kuu ya Kwanza, alikabidhiwa idara ya wanyama wa porini ya Uganda mwaka 1925. Kitabu chake juu ya nyoka wa Uganda kilitolewa Kampala mwaka 1938. Anayelala porini hahitaji kuelezwa faida ya kumtambua nyoka mwenye sumu.

Richard Meinertzhagen, ofisa wa jeshi la Keya, alisifiwa zaidi. Mwaka 1954 aliipa makumbusho ya London ndege wapatao 20,000. Baada ya kufa kwake mwaka 1967, wataalamu waligundua kwamba baadhi yao aliwaiba katika makumbusho hiyo hiyo, akawafunga vikaratasi vya uongo. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu ilikuwa ndefu, lakini ilifika mwisho. Hata taarifa zake za kweli zikatiliwa shaka.

Ndugu askari, kikaratasi kile hakitofautiani na kitabu chako cha matukio kituoni. Ukiandika saa usiyoijua, au mahali usipofika, hukuharibu ukurasa mmoja tu. Umeziharibu na kurasa zote ulizoandika kwa uaminifu.