Dhamana ya Mlima

Novemba 1965, katika wilaya ya Knott, mashariki mwa jimbo la Kentucky nchini Marekani, mjane wa miaka 61 aitwaye Ollie Combs aliketi mbele ya tingatinga lililokuwa likipasua mlima juu ya nyumba yake. Askari walimnyanyua mzobemzobe, mmoja kwapani, mwingine miguuni, wakamteremsha. Mpiga picha wa gazeti aliyeinasa picha hiyo naye alikamatwa. Sikukuu ya Shukrani, siku ambayo familia za Marekani hukusanyika mezani, chakula chake mama huyo alikilia mahabusu.

Shamba lilikuwa lake. Kilichokuwa chini ya shamba hakikuwa chake. Miaka mingi kabla, mawakala wa makaa ya mawe walipita nyumba hadi nyumba katika milima ya Appalachia wakinunua haki ya madini kwa senti au dola chache kwa ekari. Waliouza wengi hawakujua kusoma, wakatia alama ya msalaba mahali pa saini. Walidhani wanauza shimo la mtu na sururu. Mahakama za Kentucky zikaja kuusoma mkataba ule kwamba mwenye madini anaweza kuchimbua ardhi ya juu kwa njia yoyote, hata ile ambayo haikujulikana siku ya kutia alama. Ni mwaka 1988 ndipo wapiga kura, zaidi ya asilimia 80 yao, walipobadilisha katiba ya jimbo. Tangu ile picha hadi kura ile ni miaka 23.

Nimeanza na mama Combs kwa sababu alichokitaka kilikuja kuandikwa katika sheria ya nchi nzima, na ni sheria hiyo inayonishughulisha. Tarehe 3 Agosti 1977 Rais Jimmy Carter alitia saini sheria ya kudhibiti uchimbaji wa makaa wa juu ya ardhi. Ukiisoma, unaona iliandikwa na watu waliojua maumivu. Miaka mitano tu kabla, tarehe 26 Februari 1972, bwawa la taka za makaa lilikuwa limepasuka Buffalo Creek, jimbo la West Virginia, likaua watu 125 asubuhi moja, na kampuni yenye bwawa hilo ikasema ni kazi ya Mungu. Sheria mpya ikaagiza kwamba anayechimba arudishe ardhi katika umbo linalokaribia lile la mwanzo, na kabla hajachimba aweke dhamana ya fedha. Akitoroka, serikali itumie fedha hizo kumaliza kazi.

Lakini ndani yake mliachwa mlango. Kampuni ingeruhusiwa kukata kilele na kuacha tambarare, mradi ionyeshe kwamba tambarare hiyo itatumika vizuri zaidi kuliko mlima: kiwanda, makazi, kilimo, huduma za umma. Kwa watu wa mabonde membamba, ambako nyumba hujibana kati ya barabara na mto, ardhi tambarare ni neema, na hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi. Mlango huo ndio uliopitisha milima.

Kazi yenyewe huenda hivi. Msitu hufyekwa, mara nyingi miti ikachomwa palepale. Kisha baruti, kisha mashine zenye ndoo inayoweza kuzoa gari. Chochote kilicholala juu ya makaa huhesabiwa kuwa mzigo wa kuondoa. Na mwamba ukishavunjwa huvimba; hauenei tena mahali ulipotoka. Ile ziada lazima iende mahali fulani, na palipo karibu ni bondeni, juu ya chemchemi na vijito. Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani, EPA, lilikadiria kwamba karibu kilomita 3,200 za vijito zimefukiwa hivyo. Maji yanayotoka chini ya kifusi hubeba chumvichumvi na seleniamu, na seleniamu ikizidi hulemaza samaki.

Na hizo tambarare zilizoahidiwa? Mwaka 2010 shirika la mazingira la NRDC lilichapisha uchunguzi wa maeneo 500 ya milima iliyokatwa vilele. Yalipoondolewa yale ambayo bado yalikuwa yanachimbwa, takriban asilimia 89 ya yaliyobaki hayakuwa na shughuli yoyote ya kiuchumi iliyoweza kuthibitishwa. Vipo vilivyojengwa, sikatai: shule, uwanja wa gofu, gereza la serikali kuu katika wilaya ya Martin, Kentucky, ambalo ardhi yake ilianza kudidimia wakati wa ujenzi, ikabidi mamilioni ya dola yatumike kuiimarisha. Sehemu kubwa iliyobaki ni nyasi.

Nyasi hizo zinastahili kuangaliwa kwa makini. Ili kampuni irudishiwe dhamana yake, ilibidi mkaguzi aone kijani na aone mteremko usioporomoka. Basi matingatinga yakashindilia kifusi hadi kikawa kigumu kama sakafu, ikamwagwa mbegu inayoota upesi, na mkaguzi alipokuja akakuta kijani. Mwaloni hauoti kwenye sakafu. Mradi ukatimizwa kama ulivyopimwa, na msitu haukurudi. Ilichukua hadi mwaka 2004 maafisa wa urejeshaji na wataalamu wa misitu waanze kuhimiza kwa pamoja kwamba udongo uachwe ukiwa laini, kina cha zaidi ya mita moja, ili mizizi ipite. Mahali walipofanya hivyo miti inakua. Ni jambo rahisi kiasi kwamba linauma.

Nani basi alishika dhamana ya kweli? Larry Gibson alirudi Kayford Mountain, West Virginia, kwenye ekari 50 na ushei za ukoo wake, akakataa kuuza huku milima iliyomzunguka ikishushwa hadi yeye, aliyekuwa akiitazama kwa kuinua macho, akawa anaitazama kwa kuinamisha. Hadi alipofariki mwaka 2012 aliwapeleka wageni ukingoni wajionee. Judy Bonds, binti wa mchimbaji aliyeuawa na ugonjwa wa mapafu wa makaa, aliingia katika mapambano baada ya kumkuta mjukuu wake amesimama mtoni, samaki waliokufa wamejaa viganjani. Alipewa Tuzo ya Goldman mwaka 2003. Saratani ikamchukua mwanzoni mwa 2011. Wote wawili walitishwa, na mara nyingi na majirani. Tusiwalaumu majirani hao haraka. Mahali ambapo mshahara wa maana ni mmoja tu, anayepinga mgodi huonekana anagusa sufuria ya mwenzake.

Pembeni mwa maandamano kulikuwa na kazi isiyopigwa picha. Kampuni hutakiwa kupima maji yanayotoka mgodini na kuwasilisha tarakimu serikalini. Mwaka 2010 wanaharakati wa Appalachian Voices na wenzao walifungua majalada ya kampuni mbili za Kentucky, wakasoma ukurasa kwa ukurasa, wakagundua kwamba vipimo vya kipindi kimoja vilikuwa vimenakiliwa neno kwa neno katika kipindi kingine. Walitoa notisi ya kushtaki wakitaja ukiukaji zaidi ya 20,000. Taarifa hizo zilikuwa ofisini muda wote. Kilichokosekana ni msomaji.

Kisa kinachonikaa zaidi ni cha shule ya msingi ya Marsh Fork, West Virginia. Ghala refu la makaa lilisimama hatua chache kutoka ilipokuwa, na juu yake, nyuma ya ukuta wa kifusi, bwawa la tope lililoidhinishwa kubeba galoni bilioni 2.8. Ukikumbuka Buffalo Creek, huhitaji kuelezwa wazazi walilala vipi. Ed Wiley, aliyewahi kufanya kibarua katika eneo hilohilo, alichoka kumfuata shuleni mjukuu wake mgonjwa. Mwaka 2006 alitembea kwa miguu kutoka Charleston hadi Washington, zaidi ya kilomita 700, kuomba jambo moja: shule nyingine. Watoto waliingia katika jengo jipya Januari 2013. Wale waliokuwa darasa la kwanza babu alipoanza safari walikwisha kuhitimu shule ile wakiwa chini ya bwawa.

Mahakamani mambo yalikwenda na kurudi. Hukumu ya Jaji Charles Haden ya mwaka 1999, iliyokataza kufukia vijito, ilitenguliwa katika rufani mwaka 2001. EPA ilipozuia sehemu kubwa ya mgodi wa Spruce Na. 1 mnamo Januari 2011, kesi ilivutana miaka mitano ndipo zuio likathibitishwa. Wakati huohuo gesi ya bei nafuu iliwaondolea makaa wateja, kampuni zikaanza kufilisika. Hapo ndipo ile dhamana ilipojaribiwa. West Virginia ilitoza kati ya dola 1,000 na 5,000 kwa ekari, kiasi kisichotosha kurejesha mlima, na baadhi ya kampuni kubwa, kama Alpha Natural Resources iliyofilisika mwaka 2015, zilikuwa zimeruhusiwa kujidhamini zenyewe.

Julai 2019 ilikuwa zamu ya Blackjewel. Hundi za mishahara zikakataliwa benki. Wachimbaji wa wilaya ya Harlan, Kentucky, waliposikia treni inaondoka na makaa waliyoyachimba bila malipo, walikwenda kusimama relini. Wakapiga mahema, wake zao wakaja na watoto, wakakaa karibu miezi miwili. Miongoni mwa waliowaletea chakula walikuwamo watu waliokuwa wamepinga migodi kwa miaka. Mwezi Oktoba yalifikiwa makubaliano ya kuwalipa mishahara yao. Migodi ya kampuni hiyo, na milima iliyokwisha kupasuliwa, ikabaki kungoja mtu wa kupokea vibali vyake.