Kwa nini baadhi ya Wakatoliki hulihama kanisa kimyakimya

SENSA ya 2009 ilionyesha kuwa Wakatoliki nchini Kenya walikuwa 9,010,684, sawa na asilimia 23.3 ya wananchi wote. Kufikia sensa ya 2019 idadi hiyo ilikuwa imepanda hadi 9,726,169, ilhali kiwango chao kilishuka hadi asilimia 20.6.

Sensa haielezi sababu. Wengi hudhani kuwa muumini huhama kwa kutofautiana na mafundisho, lakini aghalabu safari hiyo huanzia ndani ya kanisa lenyewe, wakati wa komunyo, wenzake wanapojipanga foleni naye akasalia kitini.

Chukua mfano wa wanandoa waliotimiza mila zote: mahari ikatolewa, wazee wakaridhia, watoto wakazaliwa. Hata serikali, chini ya Sheria ya Ndoa ya 2014, huitambua ndoa ya kimila. Kanisa haliitambui. Kanuni inayotaka Mkatoliki aoe mbele ya kasisi na mashahidi wawili ilitokana na Mtaguso wa Trento mnamo 1563, nia ikiwa kukomesha ndoa za siri barani Ulaya. Ndoa inayoshuhudiwa na kijiji kizima, bila shaka, haina siri yoyote.

Makasisi huwahimiza wanandoa hao wakabariki ndoa. Hata hivyo, jamii imeifanya harusi kuwa jambo la kamati, suti, keki na magari, ingawa kanisa halidai lolote kati ya hayo. Basi mambo huahirishwa, miaka ikapita. Mama huyo huendelea kutoa sadaka na kuhudhuria jumuiya ndogondogo, lakini haruhusiwi hata kumsimamia mpwawe katika ubatizo. Aliyeolewa mke wa pili hana tumaini hata hilo la kubarikiwa ndoa.

Siku moja jirani humwalika katika kanisa jingine mtaani. Hupokewa kwa jina, huombewa, wala hapana anayemuuliza cheti. Hatangazi kuhama, jina lake hubaki katika daftari la parokia.

Katika waraka wake wa 2016 kuhusu familia, Papa Francis, aliyefariki 2025, aliwataka makasisi wawasindikize watu wa namna hii badala ya kuwahukumu. Humu nchini, baadhi ya parokia huandaa harusi za pamoja, ambapo wanandoa wengi hufunga pingu za maisha kwa Misa moja. Wamo waliokwisha kupata wajukuu, na siku hiyo hiyo hujipanga foleni ya komunyo.