Mchungaji na Mtahiniwa: Kusoma kwa Kujiuliza

Kila mwaka, mwezi wa Novemba ukaribiapo, sharika nyingi za Mwanza na kandokando ya Ziwa Victoria huwaombea watahiniwa wa Kidato cha Nne. Jambo hili ni jema, wala lisiachwe. Hata hivyo, yafaa tujiulize wajibu wetu kwa kijana huyo katika miezi inayotangulia maombi hayo. Makala hii inakusudia kueleza njia ya kujifunza ambayo mchungaji, mwinjilisti au mwanafunzi wa theolojia aweza kuifundisha bila gharama.

Mtoto wa Magu au Sengerema mara nyingi hulelewa kwa Kisukuma na kufundishwa shule ya msingi kwa Kiswahili. Aingiapo Kidato cha Kwanza, masomo karibu yote hugeuka kuwa ya Kiingereza. Akizidiwa na lugha, hukimbilia kukariri. Husoma kurasa zilezile mara nyingi hata macho yazizoee, akadhani amezielewa. Kumbe kuyazoea maandishi si kuyajua. Swali likiulizwa kwa maneno mengine, hana la kujibu. Akishindwa huitwa mvivu, au husemwa amerogwa, ilhali hakuna aliyemwonyesha namna ya kusoma.

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe, akaonyesha kwamba tuliyojifunza husahaulika kwa kasi zaidi katika saa na siku za kwanza. Mwaka 2006 Wamarekani Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilinganisha wanafunzi waliosoma habari tena na tena na wale waliosoma kidogo, kisha wakajaribu mara tatu kuikumbuka bila kuitazama. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya juma moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka takriban asilimia 61, na wenzao asilimia 40.

Njia hii si ngeni kwetu. Katekisimu Ndogo ya Martin Luther ya mwaka 1529 huendelea kwa kuuliza maana ya kila sehemu. Naye Bwana Yesu, akiwa mtoto wa miaka 12, alikutwa hekaluni akiwasikiliza walimu na kuwauliza maswali (Luka 2:46). Darasa la kipaimara linaloishia katika kukariri majibu limepoteza nusu ya urithi huo.

Basi, tuwafundishe vijana mambo haya:

Kwanza, baada ya kusoma, afunge daftari na kuandika ayakumbukayo. Kisha alifungue na kujisahihisha.

Pili, arudie zoezi hilo kesho yake, baada ya siku chache, na tena baada ya juma, badala ya kulimbikiza yote usiku wa mwisho.

Tatu, amweleze mwenzake somo kwa lugha aijuayo vizuri, ndipo aandike jibu kwa Kiingereza, kwa kuwa ndicho mtihani utakachomdai.

Nne, ajibu maswali ya miaka iliyopita ya Baraza la Mitihani la Tanzania kwa muda uliowekwa, pasipo kutazama majibu.

Tano, alale. Akili iliyokesha haishiki wala haikumbuki vema.

Hata hivyo, njia njema haitoshi pasipo nafasi. Katika nyumba nyingi za vilimani Mwanza, chumba kimoja hutumiwa na watu wengi. Binti hurudi shuleni akakuta maji ya kuteka na chakula cha kupika. Mvulana wa Ukerewe aweza kuitwa kwenye kazi ya dagaa usiku kucha. Hapa ndipo usharika unapoweza kusaidia: kufungua ukumbi jioni, kuwasha taa, kumweka mtu mzima mwaminifu wa kusimamia, na kuwapokea watoto wote pasipo kuuliza dhehebu. Mchungaji naye, azurupo nyumba, azungumze na wazazi ili binti apate saa yake ya kusoma sawa na kaka yake.

Tukifanya hayo tangu mwanzo wa mwaka, tutakapowawekea watahiniwa mikono mwezi wa Novemba, tutakuwa tunaiombea kazi ambayo sisi nasi tuliishiriki.