Mine itaisha, udongo utabaki: tuombe kompani nini?



Kila mara nikifika mukini kwa kazi, ulizo linarudia: "Agronomu, hii kompani inayochimba karibu na sisi, itatusaidia namna gani?" Leo nijibu kwa maandishi, ili na wale hawakuwa kwenye mkutano wasome.

Nianze na jambo nililoliona. Kompani moja ilileta mifuko ya angre kwa kikundi nilichokuwa nafuata. Picha zikapigwa, hotuba zikatolewa. Lakini ilikuwa Januari, mahindi iko tayari juu. Wengi wakauza mifuko sokoni. Mwaka uliofuata, hakuna kitu kilikuja. Pale njo nilielewa: zawadi ya siku moja haiko maendeleo.

Sheria inasema nini?

Sheria ya mine iliyobadilishwa tarehe 9 Machi 2018 inalazimisha mambo mawili. La kwanza ni kaye de sharje: karatasi ambayo kompani inatia sahihi pamoja na wakaaji wanaoguswa na kazi yake. Ndani yake kompani inaandika itajenga nini na itafanya nini kwa ajili yao, na lini.

La pili: kompani inapaswa kutoa 0,3% ya mauzo yake yote ya mwaka kwa miradi ya wakaaji. Musikie vizuri: mauzo, si faida. Kompani iliyouza shaba ya dolari 100.000.000 inatoa dolari 300.000, hata ikisema haikupata faida. Feza hiyo inaongozwa na kamati ambamo wajumbe wa kompani na wajumbe wa wakaaji wanakaa pamoja. Kwa hiyo hatuendi kuomba sadaka. Tunaenda kupanga kazi.

Tuombe nini?

Kwanza, chokaa mbele ya angre. Udongo wetu mwekundu iko na uchachu mwingi. Udongo mchachu unashika fosfori, mmea haupati. Unatia angre, unapoteza feza. Na urea ukiitia kila mwaka, uchachu unazidi. Chokaa inapunguza uchachu, na kazi yake inadumu misimu kadhaa. Jiwe la chokaa liko Kakontwe, pale Likasi, na viwanda vya shaba vinatumia chokaa katika kazi yao. Haiko kitu kigeni kwao.

Muombe jiwe la chokaa lililosagwa laini. Mukatae chokaa kali inayochoma ngozi. Mukatae pia mabaki ya kiwanda, hata wakisema ni bure: yanaweza kuwa na vyuma vyenye sumu. Mupime udongo kwanza ili mujue kiasi. Mumwage Septemba ama Oktoba, mbele ya mvua, na kuchanganya kwa jembe. Musitie chokaa na urea pamoja, azoti itapotea hewani. Kisha mubadilishe mazao: mwaka huu mahindi, mwaka ujao soya, karanga ama maharagwe.

Pili, soko. Wafanyakazi wa mine wanakula bukari kila siku, lakini unga mwingi unapita Kasumbalesa kutoka Zambia. Muombe kontra ya kuuza mahindi, maharagwe na mboga kwa kantini: kiasi gani, bei gani, siku gani ya kulipa. Mfuko wa angre unaisha kwa msimu mmoja. Mnunuzi anayelipa vizuri anakufanya ununue angre yako mwenyewe.

Na sisi?

Koperative nayo ni biashara. Kompani haitatia sahihi na kikundi kisicho na karatasi. Kongo iko ndani ya OHADA tangu 2012. Kwa sheria yake, watu 5 wanatosha kuandikisha koperative ndogo. Muandike hesabu, mupime mavuno, mufungue konti. Ukiahidi tani 10, ulete tani 10.

Na tusilaumu mine peke yake. Tunapokata miti yote kwa kuchoma makala, sisi pia tunachimba bila kurudisha. Mulinde visiki vichipuke, na kipande cha pori kibaki.

Shaba inapotoka, hairudi. Udongo, ukiutunza, unaweza kulisha wajukuu. Kompani inayosaidia kweli ni ile itakayoacha, siku ya kufunga, shamba lenye nguvu na wakulima wenye soko.

Katika mkutano wenu ujao, muulizane: katika kamati ya ile 0,3%, nani anakaa kwa jina letu? Kama hakuna anayejua, muanzie pale.