Je, Wajua? Mepo ya Kijapani Hutambuliwa kwa Jani na kwa Gome
Mepo ya Kijapani (*Acer palmatum*), mti mdogo wa bustani ambao jani lake hugawanyika mapande 5 hadi 9 yaliyochongoka, ina mamia ya aina zinazozalishwa kwa kubebesha, yaani kuunganisha kikonyo cha aina inayotakiwa na shina la mche mwingine. Aina za kundi la Dissectum hutambulika kwa majani yaliyochanika membamba kama nyuzi na kwa matawi yainamayo. Bloodgood huwa na majani ya zambarau iliyokolea. Osakazuki ina majani ya kijani ambayo hugeuka mekundu kabla ya kupukutika. Nayo Sango-kaku hujidhihirisha wakati wa baridi, majani yakiwa yamekwisha kuanguka, kwa gome jekundu la matawi yake machanga.