Si Kila Sifuri ni Kufaulu

Ndani ya skripti za mradi wa kvm-unit-tests kuna jina la faili ambalo halipo kwenye diski ya mtu yeyote: _NO_FILE_4Uhere_. Kabla ya jaribio kuanza, skripti huiagiza programu ya QEMU iwashe mashine pepe kwa faili hilo. QEMU hulitafuta, hulikosa, na huandika kwamba imeshindwa kulipakia. Skripti husoma lalamiko hilo, huridhika, kisha ndipo huanza jaribio lenyewe.

Mbinu hiyo imebuniwa kwa akili sana. QEMU ikifika hatua ya kulalamikia faili, maana yake imeshakubali mengine yote iliyoagizwa: aina ya mashine, prosesa, idadi ya vifaa. Ikilalamikia kitu kingine, skripti inatambua kwamba jaribio hilo haliwezi kuendeshwa kwenye kompyuta hii, na inaliruka badala ya kulitangaza kuwa limeshindwa. Ila mbinu nzima imesimama juu ya maneno ambayo programu moja huyaandika inapokwama. Weka programu nyingine mahali pa QEMU, nayo ilalamike kwa maneno yake yenyewe, na skripti itayaruka majaribio yote, moja baada ya jingine, ilhali kila kitu ni kizima.

Kazi ya kurekebisha skripti za majaribio ili zikubali programu nyingine ya kusimamia mashine pepe hudharauliwa sana. Watu hudhani ni kubadilisha majina ya amri tu, kazi ya mchana mmoja. Ukiifungua unakuta kwamba skripti imejaa mambo ambayo hakuna aliyewahi kuyaandika kama sharti, kwa sababu siku zote mwenzake alikuwa mmoja.

Tutofautishe kwanza nani anafanya nini. KVM ni sehemu ya kiini cha Linux, iliyoingia katika toleo la 2.6.20 mwaka 2007. Kazi yake ni kuiwezesha prosesa halisi kuendesha maelekezo ya mashine pepe moja kwa moja. Lakini KVM peke yake haina diski, haina kadi ya mtandao, haina hata mahali pa kuandikia herufi moja. Vyote hivyo huletwa na programu simamizi, ambayo ni programu ya kawaida inayotenga kumbukumbu, kuiga vifaa, na kuiomba KVM iiendeshe prosesa. KVM ni injini, na programu simamizi ni gari lililojengwa kuizunguka. QEMU, iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2003, ndiyo maarufu kuliko zote. Mwaka 2011 Pekka Enberg alitangaza kvmtool, ndogo kwa makusudi. Amazon walitoa Firecracker mwaka 2018, na Cloud Hypervisor ikafuata.

Sasa, kvm-unit-tests imekusudiwa kuijaribu injini. Kila jaribio ni kiini kidogo sana chenye kazi moja. Ndani yake hamna Linux wala diski. Linawaka, linafanya jambo lake, kwa mfano kutuma katizo kutoka prosesa moja hadi nyingine na kuhesabu kama limefika, linaandika PASS au FAIL, kisha linajizima. Kwa miaka mingi, hata hivyo, skripti za kuyaendesha majaribio hayo ziliijua QEMU peke yake. Kasoro iliyojificha mahali ambapo QEMU haipiti haikuwa na njia ya kuonekana.

Na njia za QEMU na kvmtool zinatofautiana kweli. Kwenye prosesa za Arm, mashine ya QEMU iitwayo virt huanzisha kumbukumbu kwenye anwani 0x40000000, yaani baada ya gigabaiti 1. kvmtool huianzisha kwenye 0x80000000, baada ya gigabaiti 2. Kifaa cha kuandikia maandishi, ambacho ndiyo sauti pekee ya jaribio, QEMU hukiweka kwenye 0x09000000 na ni cha aina ya PL011. Cha kvmtool kipo kwenye 0x1000000, nacho ni cha familia ya zamani ya 16550. Jaribio lililokaririshwa anwani ya kwanza likiwekwa kwenye mashine ya pili litakuwa bubu tangu linapowaka hadi litakapokuwa limesoma orodha ya vifaa na kujua kifaa kilipo. Likianguka katika kipindi hicho, huoni hata herufi.

Kuna sababu nyingine ya kuitaka kvmtool, ya kikazi zaidi. Wahandisi wa Arm hufanyia kazi uwezo wa prosesa ambazo bado hazijatoka kiwandani. Wanazijaribu kwenye modeli za kompyuta, na modeli hizo huenda polepole mno. Kupeleka humo QEMU pamoja na maktaba zake zote ni mzigo, ilhali kvmtool inajengwa haraka na kutegemea vitu vichache. Mtu aliye katika hali hiyo hana anasa ya kuchagua.

Tuje kwenye marekebisho yenyewe. Majina ya vigezo ndiyo sehemu rahisi. Idadi ya prosesa kwa QEMU ni -smp, kwa kvmtool ni --cpus. Maneno ya kupewa jaribio hupita kwa -append upande mmoja na kwa --params upande wa pili. Orodha ya namna hiyo unaimaliza upesi.

Ugumu ni pale vigezo vilipoandikwa pamoja bila kutenganishwa. Kila jaribio lina maelezo yake katika faili la unittests.cfg, na humo kulikuwa na uga mmoja uitwao extra_params. Kwa jaribio la katizo kati ya prosesa, uga huo ulibeba hivi: -machine gic-version=3 -append 'ipi'. Tazama vizuri. Sehemu ya kwanza inaiambia QEMU iweke kidhibiti cha katizo cha toleo la 3. Sehemu ya pili, neno ipi, haiihusu QEMU hata kidogo: ni ujumbe kwa jaribio, ukilieleza lifanye lipi kati ya mambo linayoyajua. Viwili hivyo vilikaa kwenye mstari mmoja kwa sababu hakukuwa na haja ya kuvitenga.

Ungeweza kuandika skripti ya kutafsiri mstari huo neno kwa neno kwenda lugha ya kvmtool. Ningempinga yeyote anayependekeza hivyo, maana mfasiri wa namna hiyo atahitaji kufundishwa upya kila QEMU inapoongeza kigezo. Waliorekebisha mradi huu walichukua njia iliyo ndefu lakini safi. Maneno ya jaribio yalipewa uga wake, test_args. Vigezo vya QEMU vikabaki kwenye qemu_params, na vya kvmtool vikapata kvmtool_params, ambamo kidhibiti kilekile huombwa kwa --irqchip=gicv3. Baada ya hapo hata programu ya tatu ikija, mahali pake pa kukaa panajulikana.

Kisha kuna mambo ambayo programu huyafanya bila kuombwa. kvmtool iliandikwa kwa ajili ya kuwasha Linux haraka, hivyo ina mazoea ya kuongeza maneno yake mwenyewe, yanayohusu diski na skrini, kwenye ujumbe unaopelekwa kwa kiini. Linux huyafurahia. Jaribio linalotarajia neno moja tu, ipi, likakuta msururu wa maneno mengine, linakataa kuendelea. Dawa yake ni kigezo --nodefaults, kilichoongezwa kwenye kvmtool kwa ajili ya kuzima mazoea hayo.

Sehemu inayonitia wasiwasi kuliko zote ni namba ya kutokea. Kwa desturi ya Unix, programu ikimaliza salama hurudisha 0, na namba nyingine yoyote ni dalili ya shida. QEMU ikiendesha majaribio haya haifuati desturi hiyo. Kwenye mashine za x86 jaribio huandika matokeo yake kwenye poti ya 0xf4, na QEMU huyazidisha kwa 2, huongeza 1, kisha hutoka na namba hiyo. Jaribio lililofaulu lina matokeo 0, kwa hiyo QEMU inarudisha 1. Lililoshindwa lina 1, kwa hiyo inarudishwa 3. Sifuri haiwezi kupatikana kwa njia hiyo kamwe, na hilo lina faida: skripti ikiona 0 inajua mashine imezimika bila jaribio kutoa kauli yoyote.

Hata hapo pana mtego, kwa kuwa QEMU hurudisha 1 vilevile inaposhindwa kuwaka. Skripti ikalazimika kuongeza uangalizi: namba ikiwa 1 na kuna kitu kimeandikwa kwenye mkondo wa makosa, hiyo inahesabiwa kuwa hitilafu ya QEMU. Namba ikiwa 1 na mkondo uko kimya, jaribio limefaulu.

kvmtool haina kifaa cha kupokea matokeo hayo. Jaribio linapomaliza linaomba mashine izimwe, kvmtool inaizima kwa utaratibu na kurudisha 0, liwe limefaulu au limeshindwa. Nao mkondo wa makosa hauwezi kuwa shahidi, kwa sababu kvmtool huweza kutoa onyo na kuendelea na kazi bila tatizo. Sasa mfikirie mhandisi mwenye haraka anayeandika kwamba kwa kvmtool 0 ni kufaulu. Ripoti itang'aa kijani kutoka juu hadi chini. Majaribio yaliyoandika FAIL kwa herufi kubwa yatahesabiwa miongoni mwa yaliyofaulu, na hakuna atakayefungua kumbukumbu za jaribio lililofaulu ili kuzisoma. Afadhali kutokuwa na majaribio kabisa: asiyejaribu walau anajua kwamba hajui.

Njia sahihi ni kulisikiliza jaribio lenyewe. Kwenye Arm, kabla ya kuomba kuzimwa, huandika mstari wa EXIT: STATUS= ukifuatiwa na namba iliyokokotolewa kwa kanuni ileile ya mara 2 jumlisha 1. Prosesa za PowerPC na s390x zilishazoea utaratibu huu. Skripti inasoma maandishi yote, inautafuta mstari huo, na kutoa hukumu kwa namba iliyomo. Mstari usipoonekana, hukumu ni kushindwa, bila huruma. Hapa ndipo ningemtaka mkaguzi wa mabadiliko akae muda mrefu kuliko popote, na adai kuonyeshwa jaribio lililoharibiwa kusudi likitoka na FAIL.

Idadi ya prosesa nayo inahitaji jicho. Kidhibiti cha katizo cha toleo la 2 hakivuki prosesa 8. QEMU ikiombwa nyingi kupita kiasi hukataa, na skripti ilitumia kukataa huko kutafuta kikomo. kvmtool haikatai: inatoa onyo, inapunguza idadi hadi inayowezekana, na kuwaka. Kwa hiyo hakuna haja tena ya kutafuta kikomo, lakini jaribio lililoomba 16 linaweza kuendeshwa kwa 8 na likafaulu.

Yapo majaribio ambayo kvmtool haiwezi kuyabeba. Haina uwezo wa kuiga prosesa bila KVM, wala wa kuhamisha mashine pepe inayofanya kazi kutoka mahali pamoja kwenda pengine. Majaribio hayo lazima yarukwe, na skripti iandike sababu kwenye mstari uleule wa SKIP, ili anayesoma asidhani kompyuta yake ina upungufu.

Siku utakapokuta jaribio limefaulu kwa QEMU na kushindwa kwa kvmtool, usikimbilie kuilaumu KVM. Linganisha kwanza mashine mbili zilizojengwa. Kaunta za kupimia utendaji wa prosesa, kwa mfano, QEMU huziwasha yenyewe unapoomba prosesa ya mwenyeji, lakini kvmtool hungoja uandike --pmu. Hakiki idadi ya prosesa iliyopatikana kweli, toleo la kidhibiti cha katizo, na maneno yaliyolifikia jaribio. Yakiwa sawa yote na tofauti ikabaki, chunguza programu simamizi yenyewe, maana nayo ina kasoro zake. Ukishaivuka hiyo ndipo urudi kwenye matoleo ya nyuma ya kiini cha Linux, moja baada ya jingine, ukitafuta badiliko lililoanzisha tofauti hiyo.