Kadi ya mkopo

Kadi ya mkopo ni kadi inayotolewa na benki au taasisi nyingine ya fedha ili mwenye nayo aweze kununua bidhaa na huduma kwa fedha za benki, kisha azirudishe baadaye. Kwa umbo inafanana na kadi ya kawaida ya benki inayotumika kwenye ATM, lakini kazi zake ni tofauti. Kadi ya kawaida hutoa fedha zilizomo katika akaunti ya mteja. Kadi ya mkopo humwingiza mteja katika deni kila anapoitumia.

Historia

Kununua kwa mkopo ni desturi ya zamani kuliko kadi. Wenye maduka katika nchi nyingi, zikiwemo za Afrika Mashariki, wamekuwa wakiandika madeni ya wateja wanaowafahamu katika daftari.

Mwaka 1950 Frank McNamara na wenzake walianzisha Diners Club mjini New York. Kadi yake ilikubaliwa katika migahawa mbalimbali, ila deni lote lilipaswa kulipwa kila mwezi. Mnamo Septemba 1958 Bank of America ilituma kadi zipatazo 60,000 kwa wakazi wa Fresno, California, bila wao kuziomba. Kadi hiyo, BankAmericard, iliruhusu deni kulipwa kidogo kidogo pamoja na riba. Mwanzoni benki ilipata hasara kwa sababu ya utapeli na wateja wasiolipa, lakini mfumo ulienea, na mwaka 1976 ukapewa jina la Visa. Benki nyingine za Marekani ziliungana mwaka 1966 kuanzisha mfumo ambao leo unaitwa Mastercard. Mwaka huohuo Barclays ilianzisha Barclaycard nchini Uingereza.

Mwaka 1970 Marekani ilipiga marufuku kutuma kadi kwa watu wasioziomba. Mwaka 1974 sheria nyingine ilikataza wakopeshaji kubagua watu kwa jinsia au hali ya ndoa. Kabla ya hapo wanawake wengi walioolewa walidaiwa saini ya mume ndipo wapewe mkopo.

Jinsi inavyofanya kazi

Benki humwekea kila mteja kikomo, yaani kiasi cha juu anachoweza kukopa. Kila mwezi humpelekea taarifa yenye orodha ya manunuzi, jumla ya deni, kiwango cha chini cha kulipa na tarehe ya mwisho ya kulipa.

Kwa kadi nyingi, mteja anayelipa deni lote kabla ya tarehe hiyo hatozwi riba kwa manunuzi yake. Asipolimaliza, riba huhesabiwa juu ya deni, na mwezi unaofuata riba hiyo nayo huwa sehemu ya deni linalotozwa riba. Kutoa fedha taslimu kwa kadi ya mkopo kwa kawaida ni ghali zaidi: kuna ada ya kutoa, na riba huanza siku hiyohiyo.

Benki hupata mapato kutokana na riba, ada za mwaka, faini za kuchelewa, na makato madogo anayotozwa mfanyabiashara kila kadi inapotumika dukani kwake.

Hatari ya kulipa kiwango cha chini

Kiwango cha chini humwepusha mteja na faini ya kuchelewa, lakini hakimwondoi katika deni upesi. Tuseme mtu anadaiwa shilingi 100,000 kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, na kiwango cha chini ni asilimia 5 ya deni. Mwezi wa kwanza riba ya 3,000 hufanya deni liwe 103,000. Akilipa asilimia 5, yaani 5,150, atabaki na deni la 97,850. Hivyo katika fedha alizotoa, ni 2,150 tu zilizopunguza deni lenyewe.

Akiendelea hivyo kwa mwaka mzima bila kununua kitu kingine, atakuwa amelipa takriban shilingi 55,000, na bado atadaiwa takriban 77,000. Kama angelipa shilingi 10,000 kila mwezi, baada ya miezi 12 angebakiwa na deni lisilofika 700.

Historia ya mikopo

Namna mtu anavyolipa madeni yake huandikwa na taasisi za taarifa za mikopo. Mabenki hutazama kumbukumbu hizo kabla ya kumkopesha. Nchini Marekani alama inayotumiwa sana ni ile ya FICO, ambayo ni kati ya 300 na 850. Jambo lenye uzito mkubwa zaidi ni kulipa kwa wakati (asilimia 35), likifuatiwa na kiasi cha deni ambacho mtu anacho (asilimia 30).

Nchini Kenya kanuni za taasisi hizo, zinazojulikana kama CRB, zilianza kutumika mwaka 2009. Kwa kuwa watu wengi hukopa kwa simu kupitia huduma kama M-Shwari, iliyoanzishwa mwaka 2012, hata mtu asiye na kadi anaweza kuwa na historia ya mikopo. Deni dogo la simu lililosahaulika linaweza kumkwamisha mtu anapoomba mkopo mkubwa wa nyumba au biashara.

Matumizi mazuri

Wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Mtumiaji wa kadi anaweza kuepuka matanga hayo kwa kuzingatia mambo yafuatayo:

* Kununua tu kile anachoweza kukilipia chote tarehe ya malipo itakapofika. Kikomo cha kadi si nyongeza ya mshahara.
* Akishindwa kulipa deni lote, kulipa zaidi ya kiwango cha chini na kuacha kuitumia kadi hadi deni liishe.
* Akiwa na madeni kadhaa, kulipa kiwango cha chini kwa yote na kuelekeza fedha za ziada kwenye lile lenye riba kubwa.
* Kutotoa fedha taslimu kwa kadi ya mkopo isipokuwa kwa dharura.
* Kusoma taarifa ya kila mwezi na kuiarifu benki mara moja akiona malipo asiyoyatambua.
* Kutompa mtu yeyote namba ya siri wala tarakimu za usalama zilizo kwenye kadi, hata kama anajitambulisha kuwa mfanyakazi wa benki.
* Kuwasiliana na benki mapema anapopoteza kazi au kuugua, kwa kuwa ni rahisi zaidi kupanga upya malipo kabla deni halijachelewa.